Kutoka kaye hadi simu: programu za kufuata wazee na wagonjwa wanaotunzwa nyumbani

Makanisa mengi ya Kolwezi yana kaye ya wagonjwa. Mzee wa kanisa au mama wa diakonia anaandika ndani yake jina, avenyu, ugonjwa na siku ya kutembelewa. Kaye inasaidia kwa muda, kisha inaanza kushindwa. Mvua inalowanisha karatasi, mwenye kaye anahamia Lubumbashi, au watu wanakuwa wengi kuliko kurasa. Ndipo mtu mmoja kwenye komite anasema: tutafute programu ya simu.

Makala hii ni kwa ajili ya komite hizo. Inaeleza programu za namna hiyo ni nini, zimefanya nini katika nchi jirani zetu, zinadai nini, na zinaweza kumletea hatari gani mtu mzima anayetunzwa nyumbani kwake.

Watu tunaowazungumzia

Historia ya mji wetu inaeleza kwa nini jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines iliyochukua nafasi yake mwaka 1967, zilitoa zaidi ya mshahara. Zilitoa nyumba za kambi, hopitali, shule na posho. Mfanyakazi alikuwa na namba yake, na kwa namba hiyo yeye, mke na watoto walijulikana hopitalini. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, uzalishaji ukaanguka, na katika miaka iliyofuata mishahara ikachelewa sana. Kisha mwaka 2003 na 2004, mpango ulioitwa Opération départs volontaires, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, uliwatoa kazini wafanyakazi 10,655 wa Gécamines. Uliwalenga hasa waliokuwa na miaka 25 ya kazi au zaidi. Aliyetoka kazini alitoka pia katika huduma za kampuni.

Tufanye hesabu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1955, aliyetoka kazini mwaka 2003 akiwa na miaka 48, alitimiza miaka 70 mwaka 2025. Kizazi kile sasa ni kizazi cha fimbo, cha macho mazito na cha tansio. Wajane wao pia wapo. Watoto wao wengine wako kwenye migodi, wengine Lubumbashi, wengine Zambia.

Karibu nao wako wengine wanaohitaji kufuatwa: mgonjwa wa kifua kikuu ambaye sherti ameze dawa kwa miezi 6 bila kuruka, mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa maisha yake yote, mwenye ugonjwa wa sukari, aliyepooza upande mmoja, mwenye ulemavu, mgonjwa wa akili anayefichwa chumba cha nyuma. Hao wote ni watu wazima, na kila mmoja ana mtu anayemtunza, mara nyingi mke au binti, ambaye naye anachoka.

Anwani peke yake haimshiki mtu katika mji huu. Lualaba imekuwa provensi tangu mwaka 2015, na Kolwezi, pamoja na komini zake mbili za Dilala na Manika, umepokea watu wengi wanaofuata shaba na kobalti. Mwaka 2017 mamia ya familia za Kasulo zilihamishwa, mtaa wao ulipogeuzwa eneo la kuchimba kobalti. Kwa upande wa Kingamyambo, mabaki ya madini yaliyomwagwa tangu miaka ya 1950 sasa yanachukuliwa na kusafishwa upya. Katika mahali ambapo ardhi yenyewe inahama, kaye inayosema "nyumba ya tatu baada ya mwembe" inaweza kumpoteza mzee katika mwaka mmoja.

Programu inafanya kazi gani

Programu ya kufuata watu wanaotunzwa nyumbani ina kazi tano. Ya kwanza ni rejista: kila mtu anapewa namba moja isiyobadilika, hata akihama au akibadili simu. Ya pili ni mpango wa matunzo: nani atamtembelea, mara ngapi, na kwa kazi gani. Ya tatu ni ukumbusho: simu inamwambia mtembeleaji kwamba leo ni zamu ya mama fulani, au kwamba mzee fulani hajaonwa kwa siku 20. Ya nne ni kutuma mgonjwa kwenye kituo cha afya na kujua kama alifika. Ya tano ni ripoti.

Hapa komite nyingi zinachanganya mambo mawili. Kuna programu za kukusanya majibu na kuna programu za kufuata mtu. KoboToolbox, kwa mfano, ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard na inatumiwa sana na mashirika ya misaada. Inafaa kwa uchunguzi wa mara moja: tuna wazee wangapi, wangapi wanaishi peke yao, wangapi hawaoni. Lakini haikutengenezwa hasa kwa kumfuata mama mmoja juma baada ya juma. Kwa kazi hiyo kuna CommCare ya kampuni Dimagi, Community Health Toolkit ya shirika Medic, na sehemu ya DHIS2 inayofuata mtu mmoja mmoja. OpenMRS ni jamaa yao, ila makao yake ni kliniki, ambako kuna daktari, maabara na famasi.

Karibu zote hizi zinaweza kufanya kazi bila intaneti. Mtembeleaji anaandika ziara akiwa Musonoi ambako mtandao umekatika, simu inahifadhi, na akifika mahali penye mtandao simu inapeleka habari kwenye seva na kuchukua zilizoandikwa na wenzake. Jambo hilo ni zuri, lakini lina sharti moja. Kama simu itaibwa au itaanguka majini kabla ya kupeleka, ziara hizo zimepotea. Kwa hiyo kila mtembeleaji apange siku maalumu ya kupeleka habari, angalau mara moja kwa juma.

Yaliyotokea mahali pengine

Mfano wa zamani na wenye mafunzo mengi uko Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani karibu na Eldoret nchini Kenya. Mwezi wa 2 mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza hapo rejista ya wagonjwa kwa kompyuta, na akiba ya umeme kwa siku ambazo umeme unakatika. Watafiti walipima muda kabla na baada. Ziara ya mgonjwa kituoni ilipungua kwa 22%, na kungoja kulipungua kwa 38%. Lakini muda ambao mgonjwa alikaa na mhudumu wake nao ulipungua, kwa 58%. Wahudumu walipata nafasi zaidi, na sehemu ya nafasi hiyo waliitumia kwa mambo yao wenyewe.

Tarakimu hizo zinafaa kubandikwa ukutani mwa kila biro ya diakonia. Programu inaokoa muda, ndiyo. Muda huo uende wapi, hilo programu haiamui. Kama komite haijaamua mapema kwamba dakika zilizookolewa ni za mgonjwa, zitaliwa na mambo mengine bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kazi ya Mosoriot haikuishia pale. Iliingia katika OpenMRS, programu huria iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret kuanzia mwaka 2006, ambayo leo inatumiwa katika nchi nyingi. Fundisho la pili liko hapo: kilichoanza kidogo, katika kituo kimoja, kikasahihishwa na watu wanaokitumia, ndicho kilichokua.

Uganda inatupa fundisho la tatu. Miaka ile kila shirika lilikuja na programu yake ya simu, kila moja kwa majaribio, na nyingi hazikuzungumza na nyingine. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha majaribio mapya mpaka utaratibu uwekwe. Mhudumu mmoja kubeba simu tatu za miradi mitatu si maendeleo. Makanisa yetu yanaweza kuanguka katika shimo hilohilo, kama kila dhehebu la mji mmoja litachukua programu yake kutoka kwa wafadhili wake.

Zanzibar ilikwenda njia nyingine. Mpango wa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la D-tree, umetumia programu moja, kwa Kiswahili, kwa visiwa vyote. Kufikia mwaka 2021 ulikuwa umefika wilaya zote, pamoja na wahudumu wa kujitolea wapatao 2,300. Ulianza kwa wamama na watoto wadogo. Kwa wazee, Zanzibar ina jambo lingine la kutazama: tangu mwezi wa 4 mwaka 2016 serikali yake inalipa pensheni kwa kila mkaaji mwenye miaka 70 na zaidi, awe alifanya kazi ya mshahara au hapana. Malipo ya namna hiyo hayawezekani bila rejista inayojua nani yuko hai, ana umri gani na anaishi wapi.

Kenya, mwezi wa 9 mwaka 2023, ilizindua huduma ya wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Kila mmoja hupewa nyumba karibu 100 za kufuata, simu yenye programu, na mfuko wenye vifaa, pamoja na mashine ya kupima tansio na ya kupima sukari. Angalia vizuri: simu haikuja peke yake. Ilikuja na kifaa cha kupimia, na posho ya kila mwezi ambayo serikali kuu na kaunti zinachangia. Programu inayomkumbusha mama kupima tansio, na mama hana mashine, inamfundisha kuandika uongo.

Mahali petu katika mpango wa taifa

Katika nchi yetu huduma ya afya imepangwa kwa zoni za afya, 519 kwa taifa zima. Habari za zoni hizo zinakusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo nchi nyingi za Afrika zinatumia. Kanisa halikuingia katika mpango huo jana. Mradi wa SANRU, uliozaliwa mwaka 1981 ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo, ulisaidia kujenga zoni za afya za mashambani pamoja na serikali, na hopitali nyingi za Kiprotestanti ni hopitali za zoni mpaka leo.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya komite yoyote ni kwenda biro ya zoni ya afya, ya Dilala au ya Manika, kabla ya kwenda dukani. Ulizeni: ni fishi gani wahudumu wa jamii wanajaza sasa? Ni habari gani za wazee na wagonjwa wa muda mrefu zinahitajika? Je, watembeleaji wetu wanaweza kutuma mgonjwa kwa karatasi ileile inayojulikana kituoni? Programu ya kanisa isiyokubaliwa na muganga wa kituo itabaki kuwa kaye ya bei ghali.

Utaratibu wa kuanza

Hesabuni kwanza. Tuseme kanisa lina watembeleaji 12, na kila mmoja anafuata watu 8. Hao ni watu 96. Wakitembelewa mara moja kwa juma, ni ziara 384 kwa majuma manne. Idadi hiyo kaye nzuri na mtu mmoja mwaminifu wanaweza kuibeba, ingawa kwa taabu. Kanisa lenye watu 20 wa kufuata halihitaji programu. Linahitaji kaye mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Makanisa kadhaa ya mtaa mmoja yakiungana na kufikia watu 300 au 400, hapo programu inaanza kulipa gharama yake.

Kisha tengenezeni fishi ya karatasi iliyo bora. Programu haitengenezi maswali mabaya yawe mazuri, inayaharakisha tu. Kwa wazee, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2017 mwongozo unaoitwa ICOPE, unaoelekeza mambo sita ya kuangalia: kumbukumbu, kutembea, kula na uzito, macho, masikio, na huzuni ya moyo. Mtembeleaji asiye na masomo ya uganga anaweza kuuliza juu ya yote sita kwa dakika 15. Ongezeni mawili yetu: nani anamtunza mtu huyu, na mtunzaji mwenyewe anaendeleaje.

Andikeni maswali kwa Kiswahili cha hapa. Programu iliyotafsiriwa Dar es Salaam au Nairobi itauliza "shinikizo la damu", wakati mzee wa Manika anajua tansio. Someni kila swali mbele ya wazee watano kabla ya kuliingiza kwenye simu. Swali ambalo wawili kati yao wameelewa vibaya lirudi kuandikwa.

Chagueni eneo moja dogo, na kwa miezi mitatu mtumie simu na karatasi pamoja. Kila mwisho wa mwezi linganisheni. Kama karatasi ina ziara 40 na simu ina 31, msiwalaumu watembeleaji. Tafuteni ziara 9 zilikwenda wapi: kurani ilikatika, mega ziliisha, skrini haionekani juani, au mama amesahau namba ya siri na aliona haya kuuliza.

Andikeni gharama zote, si za mwanzo peke yake. Simu zina bei, lakini pia kuna mega za kila mwezi, sahani ya jua au pesa za kuchaji, seva, mafunzo ya mara ya pili kwa watu wapya, na simu za kubadilisha zile zilizovunjika. Programu huria haina bei ya kununua, lakini sherti pawe na mtu wa kuiangalia, na mtu huyo anakula. Mfadhili akisema atalipa miaka miwili, swali la mwaka wa tatu liulizwe siku hiyohiyo na jibu liandikwe.

Mwisho, chagueni watembeleaji kabla ya vijana wa kompyuta. Wamama wa Kipendano kwa Wamethodisti, idara ya wamama kwa makanisa mengine, ndio wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa. Kijana anaweza kumfundisha mama simu kwa majuma machache. Kumfundisha kijana kukaa kimya kando ya kitanda kunachukua muda mrefu zaidi. Kwa mama asiyesoma, mwungane wawili wawili: mmoja anaangalia, mwingine anaandika.

Siri ya mtu

Kaye ikiibwa, mwizi anapata majina ya kanisa moja. Seva ikifunguliwa na mtu mbaya, anapata ya wote kwa mara moja. Mwezi wa 1 mwaka 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengana na jamaa zao kwa vita na maafa. Kama shirika lenye wataalamu na pesa lilipatwa, kanisa lisijidhani salama.

Sheria zetu zinasema juu ya jambo hili. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008 inalinda haki za watu wenye virusi vya UKIMWI, pamoja na siri ya hali yao. Kodi ya numerike ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 imeweka kanuni za kutunza habari za watu binafsi. Komite itafute mwanasheria wa kanisa aisome kabla ya kuanza.

Katika maisha ya kila siku, kanuni chache zinatosha kuanza nazo:

- Mtu aelezwe kwa lugha yake habari zake zitakwenda wapi, na aseme ndiyo au hapana. Akisema hapana, aendelee kutembelewa kama kawaida.
- Mtembeleaji aone watu wake peke yao, si wa mji mzima.
- Jina la ugonjwa lisiandikwe pale ambapo kazi ya mtembeleaji haihitaji. Kumkumbusha mtu dawa ya saa mbili hakudai kujua ni dawa ya nini.
- Simu iwe na namba ya siri, na isiwe simu ambayo watoto wanachezea nyumbani.
- Ripoti inayosomwa kanisani au kutumwa kwa mfadhili iwe na tarakimu bila majina. Picha ya mgonjwa kitandani si ripoti.
- Mtembeleaji akiacha kazi, mlango wake kwenye programu ufungwe siku hiyo.

Wachungaji wana jukumu la pekee hapa. Katika avenyu ambako watu wote wanajuana, maombi ya hadhara yanayotaja ugonjwa wa mtu yanaweza kufanya kile ambacho mwizi wa seva angefanya. Mwanamke aliyesikia habari zake zikitajwa kwenye ibada anaweza kuacha dawa kuliko kuonekana tena kituoni. Gharama ya siri iliyovunjika inapimwa kwa uhai.

Kuorodhesha na kutunza

Wengine wanasema orodha na mashine ni mambo ya kampuni, na kanisa liongozwe na upendo tu. Maandiko hayako upande wao. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, kanisa la kwanza lilipata manung'uniko kwa sababu wajane wa kundi moja, wenye lugha nyingine, walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujibu kwa mahubiri peke yake. Waliagiza watu saba wachaguliwe kusimamia kazi hiyo. Katika 1 Timotheo sura ya 5 kuna orodha ya wajane, yenye kanuni ya umri wa miaka 60, na onyo kwamba jamaa watunze watu wao kwanza ili kanisa lisielemewe. Waliosahauliwa Yerusalemu walisahauliwa kwa sababu ya lugha na ukoo. Kolwezi pia ina wenyeji na waliokuja, Wasanga, Wandembo, Walunda, Wachokwe, Waluba wa Kasai. Rejista nzuri inaweza kuonyesha kitu ambacho macho yetu hayataki kuona: kwamba wote tunaowatembelea ni wa kabila moja, au wa familia za wazee wa kanisa.

Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza ripoti ya mwezi. Nani hajaonwa? Ripoti nyingi zinajisifu kwa ziara 384. Ripoti yenye faida inasema: watu 7 hawakufikiwa mwezi huu, haya ndiyo majina kwa msimamizi peke yake, na hii ndiyo sababu ya kila mmoja. Wapili ni waliotumwa hopitali na hawakufika. Mara nyingi sababu ni franka za usafiri, na hilo sanduku la diakonia linaweza kulishughulikia kabla ya Jumapili.

Na waliokufa waandikwe pia. Watembeleaji wengi wanaona ugumu kufunga fishi ya mtu waliyemzoea, wakaiacha wazi, na simu inaendelea kuwakumbusha kila juma kwenda kwa marehemu. Wekeni desturi: msimamizi na mtembeleaji wafunge fishi pamoja, wakimaliza waombe, na ziara inayofuata iende kwa mtunzaji aliyebaki.

Maswali ya kujibu kabla ya kupiga kura

1. Tuna watu wangapi wa kufuata leo, kwa hesabu ya kweli?
2. Zoni ya afya imesema nini?
3. Makanisa jirani yanatumia nini, na tunaweza kuungana nao?
4. Habari zitakaa kwenye seva ya nani, na tukiachana na programu hii tutazitoaje zote?
5. Nani atalipa mwaka wa tatu?
6. Mtembeleaji atakuwa na nini mkononi zaidi ya simu: mashine ya tansio, sabuni, karatasi ya kutuma mgonjwa?
7. Muda utakaookolewa tumeamua uwe wa nani?
8. Simu zote zikizimika juma zima, mzee wetu wa upande wa Kingamyambo atatembelewa bado?

Kama jibu la swali la nane ni hapana, msinunue bado. Anzeni na kaye, mpange zamu za watembeleaji, na mrudi kwenye swali hilo baada ya miezi mitatu.